Kiberiti cha Ganda la Risasi

Ukitoka soko la zamani la Malindi ukashika kichochoro kinachopita nyuma ya maduka ya vitambaa, utamsikia Kahonzi binti Tsuma kabla hujamwona. Ka! Kimya. Ka! Hicho ni kifuniko cha kiberiti cha petroli kikifunguliwa na kufungwa, na mwenyewe ameinamisha kichwa anakisikiliza, kama muuza nazi anavyoigonga nazi kujua kama ina maji. Watu husema fundi ni macho. Kahonzi atakwambia fundi wa viberiti ni masikio kwanza, na ukibishana naye atakuacha umesimama palepale na kiberiti chako kibovu mkononi mpaka adabu ikurudie.

Wala usimletee vile viberiti vya plastiki vya dukani, vya kuwasha wiki mbili na kutupa. Atakuuliza kama umepotea njia ya jaani. Kazi yake ni viberiti vya kujazwa, vya chuma, vya shaba na vya fedha, ambavyo wengine huviita laita: vya petroli vyenye utambi na pamba tumboni, vya gesi vyenye moto mwembamba wa bluu, vya sigara nene za wazungu vinavyotoa ndimi mbili kwa mpigo, na vya kiko, ambavyo moto wake hulala ubavu ili uingie ndani ya bakuli la tumbaku bila kumchoma mtu kidole. Wazee wa Kitaliano waliostaafia Malindi humletea. Wahudumu wa hoteli humletea. Yuko hata mwalimu mmoja mstaafu wa Shela anayemficha mkewe kwamba bado anavuta, naye huja mbiombio akitazama nyuma kama mwizi wa kuku.

Yeye mwenyewe hajawahi kuvuta hata pafu moja. Watu wakistaajabu, huwajibu, "Kwani seremala wa majeneza hulala ndani yake?"

Ana miaka hamsini na sita, na thelathini na minne kati ya hiyo ameimaliza juu ya viberiti. Alianza akiwa mfagiaji katika kibanda cha fundi saa mmoja aliyeitwa Lali. Siku moja Lali alimpa boksi la viberiti vilivyokuwa vimemshinda. "Hivi vimekufa, mwanangu," akamwambia, "kavitupe." Kahonzi hakuvitupa. Alivipeleka nyumbani, akavifungua, akavichokoa, akavikausha, akavijaza. Mwezi haukuisha akarudi na vinne vinavyowaka, akavipanga mbele ya bosi wake. Lali alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Halafu akavuta kigoda cha pili mezani, akampangusia vumbi kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia akae.

Vile ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua, na vile alivyopewa kwa shukrani, na vile alivyoviokota na kuvinunua kwa wauza vyuma chakavu, vyote viko nyumbani kwake Kakuyuni. Amevipanga katika trei za mayai, kila kiberiti na shimo lake. Ni sabini na vinne. Kimoja kilitolewa mchangani na mtu aliyekuwa akichimba msingi wa choo. Kingine ni cha mezani, kizito kama jiwe la kusagia, na aliyempa ni mjane wa Kitaliano aliyesema hawezi kukitazama wala hawezi kukitupa. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, akitoka kanisani, Kahonzi huviwasha vyote kimoja baada ya kingine. Kinachokataa kuwaka kwa mara ya kwanza hutolewa shimoni mwake na kuwekwa peke yake juu ya kabati mpaka kitubu. Kutoka Mtwapa hadi Mambrui hakuna mwenye hazina kama ile, na huhitaji kumuuliza, atakwambia mwenyewe kabla hujakaa.

Basi mwanamke mwenye fahari namna hiyo, utadhani hakuwa na cha kuficha. Alikuwa nacho. Mpaka mwaka huu, mbele ya meza yake ilikuwa imetundikwa leso iliyoandikwa MWENYE MACHO HAAMBIWI TAZAMA. Wateja walidhani ni pambo. Ilikuwa pazia. Nyuma ya leso ile, Kahonzi alikuwa akifanya kazi zake kwa mkono wa kushoto.

Alizaliwa na shoto. Kwao Marafa, na si Marafa tu, mkono wa kushoto una kazi zake na zote ni za faraghani. Huli nao, humpi mtu kitu nao, na ukiunyoosha mbele ya wazee umewatukana hata kama hujafungua mdomo. Alipokuwa mdogo mama yake alimfunga mkono ule kwa kitambaa wakati wa kula. Shuleni mwalimu aliupiga kwa ncha ya rula mpaka vifundo vikavimba. Kahonzi akajifunza. Akaandika kwa kulia, akala kwa kulia, akasalimia kwa kulia. Lakini jiwe la kiberiti ni dogo kuliko punje ya mchele, na utambi hupita katika tundu ambalo hata sindano huingia kwa kuomba, na katika kazi kama hiyo mkono wake wa kulia ulikuwa mgeni tu. Ndiyo maana ya leso. Nyuma yake mkono wa kushoto ulitengeneza, na juu yake wa kulia ulimkabidhi mteja.

Siku ile aliyorudi kutoka shule na vifundo vimevimba, babake, Mzee Tsuma, alimketisha karibu yake. Alimshika mkono, akaupaka mafuta ya nazi, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akageuka, akampa mgongo, akawasha kiko chake.

Hebu nikueleze habari ya kiko hicho, au tuseme ya kilichokiwasha. Baba yake Tsuma, aliyeitwa Mwambire, alipelekwa Bama, huko Asia, na jeshi la Keya la Waingereza wakati wa vita vya pili vya dunia. Vita vilipokwisha walikaa miezi wakingoja meli ya kuwarudisha, hawana kazi, na Mwambire hakuwa mtu wa kukaa bure. Alichukua ganda la risasi kubwa, akalikata, akalipa gurudumu alilolichonga meno kwa tupa, akalibandika kibati cha kukinga upepo. Alirudi Marafa bila pesa za maana, na homa isiyokwisha, na kiberiti. Alipofariki kikawa cha Tsuma.

Na Tsuma hakukubali mtu akiguse. Alikiweka katika mkebe wa majani chai pamoja na kiko na tumbaku. Akitaka kuvuta, alitoa vitu vyake, akawageuzia watu mgongo, mabega yakainama kidogo, moshi ukapanda, kisha akageuka tena na mazungumzo yakaendelea. Watu walisema anakinga upepo, kwa kuwa Marafa upepo hupanda kutoka korongoni bila hodi. Ni kweli. Lakini aligeuka vilevile akiwa ndani ya nyumba, mlango umefungwa, hata utambi wa koroboi hautikisiki. Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Mtu ukimzoea, huoni tena anachofanya.

Kahonzi alipokuwa fundi anayetajwa, alimwendea. "Baba, nipe nikusafishie kiberiti chako."

"Siku yake haijafika."

Alimwomba tena mwaka uliofuata, na mwingine. Jibu likawa lilelile. Jambo hilo lilimuuma, tusifichane. Wageni kutoka ng'ambo ya bahari walimwaminia vitu vya babu zao, na babake mzazi hakumwaminia ganda la risasi. Wakati mwingine, akiwa amepanga zile trei zake na vyote vinawaka, fahari yote ilimwingia nyongo ghafla. Alijiambia kwamba labda mzee anaona kazi yake ni upuuzi, au labda ni kwa sababu yeye ni mtoto wa kike. Hakumuuliza. Angemuulizaje?

Miaka sita iliyopita kikohozi kilimzidi Mzee Tsuma, daktari akamkataza tumbaku, na kiberiti kikalala katika mkebe wake. Mwaka huu, mvua za masika zikiwa zinaisha, mzee naye akalala.

Walimzika Marafa, wakakaa matanga, na siku ya kuanua matanga ukoo ukakusanyika chini ya turubai kugawa vitu vya marehemu. Mgawaji alikuwa Mzee Sanga, mdogo wake Tsuma, aliyebaki peke yake katika kizazi kile. Ni mzee mwembamba, mkavu, na sikio moja halisikii, naye hulitumia hilo sikio kwa akili nyingi: ukisema upuuzi, hulielekeza hilo upande wako.

Shamba liligawanywa, ng'ombe wakagawanywa, kitanda, majembe, redio. Ukabaki mkebe wa majani chai.

Kitsao alinyoosha mkono. Huyo ndiye kifungua mimba wa Tsuma, kaka yake Kahonzi, mkulima wa mahindi ambaye pia huwatembeza watalii korongoni. Si mtu mbaya. Ana mdomo tu. "Huo ni wangu, baba mdogo," akasema. "Mimi ndiye mkubwa. Na nimeshampa mtu ahadi."

"Mtu gani?" akauliza Kahonzi.

"Mwenye hoteli moja ya ufuoni. Alikiona nilipomleta hapa kumpa pole baba. Anataka kukitia ndani ya kioo, pale baa yake, wageni wakiangalie."

Kiberiti cha tsawe wake, babu aliyekichonga kwa homa na tupa huko Bama, kikatazamwe na walevi! Na yeye, fundi, hajakishika hata mara moja. "Hakiendi baa," akasema.

"Dada, wewe umeolewa, una kwako Kakuyuni. Tena huna haja nacho. Unavyo vingapi, mia?"

"Sabini na vinne. Na vyote hivyo nitakupa kwa hicho kimoja."

Watu wakacheka, wakidhani anatania. Hakuwa anatania.

Mzee Sanga akagonga mkebe kwa kidole. "Ndugu yangu aliniachia neno kuhusu hiki," akasema. "Nilimuuliza, kiberiti tumpe nani? Akaniambia, apewe atakayekiwasha. Basi."

Chini ya turubai pakazuka minong'ono. Kitsao akacheka kicheko cha mtu aliyekwisha jaribu. "Hicho? Kimekufa hicho. Tangu mzee alipolazwa nimekihangaikia. Nimekijaza mafuta ya taa mpaka kikatapika. Wapi!"

"Hee! Umekinywesha mafuta ya taa halafu unataka kiimbe?" Kahonzi alishindwa kujizuia. "Hicho ni cha petroli, kaka. Ungekinywesha na uji basi tujue moja."

Safari hii walicheka kweli, hata shangazi zao waliokuwa wamejitanda leso mpaka puani. Kitsao akaudhika. Akasema si haki, huyu ni fundi, atakitia mkononi na mchezo umekwisha. Mzee Sanga akafikiri. Halafu akaamua: Kahonzi akitengeneze palepale, mbele ya macho ya wote, na kikiwa tayari Kitsao ndiye atakayeanza kujaribu. Akishindwa, ajaribu dada yake. Wakishindwa wote wawili, kiende kwa huyo mwenye hoteli, kwa kuwa huko hakina haja ya kuwaka.

Mwenye akili angeomba kwanza akikague. Kahonzi alikuwa na fahari, na fahari haiombi. "Aanze yeye," akasema. "Hata akitaka aanze mara mbili."

Akafungua mkoba wake, kwa maana hatembei bila vyombo vyake. Akatandika kitambaa cheupe juu ya stuli. Mara akakumbuka alipo. Hakukuwa na leso ya kumficha hapa. Wazee walikuwa mbele yake, hatua mbili, wametoa macho. Basi akaushika mkono wake wa kushoto, akaulaza mapajani, akaanza kazi kwa wa kulia.

Ilimchukua muda mara mbili ya kawaida. Alifungua kitako, akavuta pamba nyeusi iliyonuka mafuta ya taa, akaitupa. Jiwe la zamani lilikuwa limevimba ndani ya tundu lake na kugeuka unga mgumu, kama mawe yote yanavyofanya yakiachwa na unyevu wa pwani, akalichokoa punje kwa punje kwa kipande cha spoki ya baiskeli. Mara mbili spoki ilimteleza. Akaingiza uzi wa utambi alioutoa katika utambi wa jiko. Akashindilia sufi, sufi hasa ya msufi wa nyumbani kwake, maana hainyonyi maji na petroli huipenda. Akatoa kichupa cha dawa ya macho alichotilia petroli, akadondosha tone moja juu ya karatasi. Likakauka bila kuacha alama. "Mnaona? Safi. Ingekuwa imechanganywa na mafuta ya taa ingeacha doa." Alijua anajionyesha, na alifurahi kujionyesha. Akajaza, akatia jiwe jipya, akafunga, akampa kaka yake.

Kitsao alikishika kwa kulia, akabana meno, akasukuma gurudumu kwa kidole gumba. Kwaruu. Hakuna. Akasukuma tena, likateleza. Mara ya tatu cheche moja dhaifu iliruka, lakini ilirukia nyuma, kwenye kiganja chake, akakiachia kiberiti huku akinyonya kidole. "Si niliwaambia? Kimekufa."

Kahonzi akakiokota akitabasamu. Akakishika kwa kulia, akasukuma. Kwaruu. Hakuna.

Akasukuma tena. Hakuna.

Tabasamu likamtoka. Mara ya tatu aliweka nguvu zake zote mpaka ukucha ukapasuka. Hakuna. Hata cheche.

Kisha mtu mmoja nyuma akaguna kile kicheko cha puani, na Kitsao, masikini mdomo wake, akasema, "Fundi wa Malindi!"

Kahonzi akakigeuza kiberiti mkononi. Miaka thelathini na minne. Kila kitu kilikuwa sawa, alikijua kwa mikono yake kuwa kiko sawa: petroli, utambi, jiwe, springi. Na bado kilimkatalia mbele ya ukoo mzima, kama babake alivyomkatalia. Aliona kabisa kile kioo cha baa. Macho yakaanza kumchoma.

"Basi nitampelekea mwenyewe kesho," akasema Kitsao, kwa sauti ya chini sasa, kwa kuwa hata yeye hakupenda kumwona dada yake vile.

Mzee Sanga akamwelekezea lile sikio lisilosikia. "Bado kimo mkononi mwake," akasema.

Basi Kahonzi akafanya lile ambalo angelifanya mwanzo kama si maringo. Akatoa kioo cha fundi saa, kile alichorithi kwa Lali, akakibana jichoni, akalitazama gurudumu jino kwa jino.

Meno yalikuwa yamelala upande wa pili.

Alidhani macho yake yanamdanganya. Akageuza. Kweli, yamelala kinyume, na ukilisukuma gurudumu kama watu wote wanavyosukuma, linateleza tu juu ya jiwe, halilikwaruzi. Babu alikosea, akawaza. Lakini kile kibati cha kukinga upepo nacho kilikuwa upande usio wake, kikikizibia kidole gumba cha kulia njia. Na mkunjo wa kushikia nao. Mtu hukosea kitu kimoja. Hakosei vitatu, vyote kwa mpangilio, tena kwa ustadi ule. Kiberiti hiki kilikuwa kizima kabisa. Kilichongwa na mtu aliyejua anachongea mkono gani.

Mapajani mwake, mkono wake wa kushoto ulijikunja wenyewe.

Hapo ndipo mgongo wa babake ulipomjia. Ule mgongo wa miaka yote, mabega yameinama, mlango umefungwa na upepo hakuna. Hakuwa akikinga moto. Alikuwa akificha mkono. Maskini baba! Mzee mzima, mwenye wajukuu, akijificha kama mtoto kwa sababu ya mkono wake mwenyewe. Kama alivyojificha yeye nyuma ya leso.

Sasa fikiria alipokuwa ameketi. Wazee mbele yake, shangazi pembeni, matanga ya babake hayajaanuliwa vizuri. Kuutoa mkono ule hadharani, tena na moto ndani yake, ni jambo ambalo lingesimuliwa Marafa mpaka azeeke. Angeweza kukirudisha kiberiti mkebeni, akasema nimeshindwa, na hakuna ambaye angejua. Angejua yeye tu.

Akasimama.

"Baba mdogo, kunradhi," akasema. "Na nyinyi wazee wangu, kunradhini. Nitatumia mkono wa kushoto. Atakayeweza kunisamehe anisamehe. Asiyeweza, nitamsalimia hivyohivyo tukikutana."

Shangazi mmoja akasema, "Eh, Kahonzi!" na mwingine akajiziba mdomo. Yeye alikuwa amekwisha kukihamisha. Na alipokishika kwa kushoto, kikatulia. Mkunjo ukakaa kwenye kiganja, kidole gumba kikateremka chenyewe juu ya gurudumu, kibati kikakaa pale kinapotakiwa kukaa. Kilikuwa kimechongewa mkono kama wake, kabla hajazaliwa.

Akasukuma mara moja.

Kikawaka. Moto wa njano, mrefu, umesimama wima. Kahonzi akauinua juu, mkono wa kushoto, mbele ya wazee wote wa ukoo wa Mwambire, na hakuushusha.

"Lo!" akasema mtu. Kisha wakaanza kusema wote kwa pamoja, na Mzee Sanga akawaacha waseme mpaka wakachoka.

"Mimi na Tsuma tulilala mkeka mmoja mpaka tukabaleghe," akasema. "Baba yetu alikuwa na shoto. Tsuma naye alikuwa na shoto. Wote walifungwa vitambaa, wote walipigwa. Tsuma aliniapisha nisimwambie mtu, nami sikumwambia mtu." Akamtazama Kahonzi. "Alizaa watoto sita, mwanangu. Mwenye shoto ni mmoja. Unadhani aliposema apewe atakayekiwasha, alikuwa hajui ni nani? Ulitaka akutaje vipi tena?"

Kahonzi akalia. Alilia palepale amesimama, bila kujifunika, kiberiti kinawaka mkononi. Kwa hiyo haikuwa dharau. Miaka yote ile alipomwambia siku yake haijafika, mzee alikuwa amekwisha kumpa, ila hakuwa na ujasiri wa kumwambia kwa nini. Alimlilia babake kuliko alivyomlilia siku ya kuzika, na ndani ya kilio kile alikuwa na fahari ya kupasua kifua.

Kitsao akamsogelea, amenywea. "Dada," akasema, "mimi ndiye niliyekuwa nikikuchongea kwa mama ukishika kijiko kwa kushoto."

"Nakumbuka."

Akajikuna kisogo. "Sasa yule wa hoteli nimwambie nini?"

"Mwambie kinawaka."

Ukienda Malindi leo hutaiona ile leso mbele ya meza. Kahonzi huivaa. Yule mwalimu wa Shela alipomwona akifanya kazi peupe alishtuka akauliza, "Mama, kumbe una shoto?" naye akamjibu, "Na wewe kumbe bado unavuta? Lete kiberiti." Trei ya tatu sasa ina kiberiti cha sabini na tano, na hicho hakisubiri Jumapili ya kwanza ya mwezi. Huwashwa kila siku.

Lakini siku ile ya Marafa ilikuwa haijaisha. Watu walipokuwa wakiinuka kwenda kula, Mzee Sanga aliwaambia wakae. Akaufungua tena mkebe, akatoa kiko cha ndugu yake, akakitia tumbaku kidogo, akaishindilia kwa kidole taratibu. Yeye hana shoto, hajawahi kuwa nayo. Akakihamisha kiko kutoka mkono wa kulia, akakishika kwa kushoto, akanyoosha mkono huo mbele ya watu wote kumwelekea binti wa ndugu yake.

"Niwashie, mwanangu," akasema.

Kahonzi akamwashia, kwa kushoto, na hakuna aliyegeuza mgongo.